Walinikalisha Nitazamane na Mkwe

Viti viwili viliwekwa mbele ya darasa, ndani ya kanisa, vimetazamana, karibu sana, hata magoti ya aliyekaa hapa yanataka kugusa ya aliyekaa pale. Mwalimu wa ngumbaru akasoma jina langu kwenye karatasi. Nikaenda nikakaa. Akasoma jina la pili, la yule nitakayezungumza naye Kiingereza, na jina hilo lilikuwa la mume wa binti yangu.

Mama mmoja wa rika langu aliyekaa benchi ya nyuma akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, "Hapana, si huyo." Mwalimu hakugeuka. Kando yake alikaa mkaguzi kutoka ofisi ya elimu, mtu mgeni huku kwetu, fomu yake imelala juu ya paja, kalamu iko tayari.

Mkwe wangu alisimama na kofia mkononi. Akatembea mpaka nusu ya njia, akasimama hapo anaangalia simiti.

"Songa, kaa," mwalimu akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mama, anza wewe. Muulize jina lake, naye akuulize lako. Kitu rahisi kabisa."

Ni rahisi, ndiyo. Ni maneno manne. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari mpaka karatasi ikataka kutoboka, na nilikuwa nimeyasema nikichota maji, nikichambua ndengu, nikipanda mlima wa kwenda kazini. Lakini nimtazame mume wa binti yangu usoni, nimuulize jina, alitaje, kisha mimi nimtajie langu, mbele ya watu thelathini, magoti kwa magoti? Nilivuta leso nikafunika uso nikageukia ukuta.

Nilisikia viatu vyake. Hakuja kukaa. Alitoka nje ya kanisa na mlango ukajifunga wenyewe.

Vijana wa benchi ya mbele wakacheka. Na hapo mwalimu akaongea na mkaguzi kwa Kiingereza, na ndicho kiliniuma kuliko kicheko, kwa sababu nilielewa yote. Alisema huyu mama ni mzito, amekaa hapa miezi minane na bado hawezi kusema jina lake. Mkaguzi akaandika. Nilikuwa karibu naye, nikateremsha leso kidogo nikasoma alichoandika, maana kusoma najua. Mbele ya jina langu, pahali pa kuzungumza, aliweka sifuri. Mbele ya jina la mkwe wangu aliandika kwamba hakuwepo.

Hadithi inayozunguka sokoni mpaka leo ni kwamba nilishindwa na Kiingereza. Sikushindwa na Kiingereza. Kuna watu waliofanya nishindwe, nami nitawaonyesha mmoja mmoja. Majina sitaandika, na hakuna haja. Hapa ukisema mwalimu wa ngumbaru, hata mbuzi watakuonyesha boma lake.

Mimi nilizaliwa upande wa Kitui, kule Ikutha, na shule yangu iliisha darasa la nne. Iliisha siku moja, na ninaweza kusema hata kilichokuwa angani siku hiyo, ambacho kilikuwa jua tu. Mwalimu alinituma kwa nyumba ya mwalimu mkuu nikamwambie chaki imeisha. Alinipa maneno kwa Kiingereza, akaniamuru nisiseme lugha nyingine yoyote njiani wala kule. Nilivuka kiwanja chote nikiyarudia, nimeyashika kama mtu anayebeba maziwa kwenye kifuniko. Nikafika mlangoni, mke wa mwalimu mkuu akafungua, akaniuliza kwa Kikamba, "Unataka nini, mwana?" Na yale maneno yakamwagika yote.

Kikamba cha kumwambia chaki imeisha nilikuwa nacho, lakini nilikuwa nimekatazwa. Kiingereza hakikuwepo tena. Basi nikasimama. Yule mama akaniuliza mara tatu, akanipa hata maji, nikanywa nikaendelea kusimama, nikidhani nikitii sana nitasaidiwa. Mwalimu mkuu aliporudi alinichapa kwa kusimama mlangoni pa mke wake kama mwizi. Niliporudi darasani nikachapwa kwa kuchelewa na kwa chaki kutofika. Jioni baba akaona miguu yangu, akasema kama ni hivyo mbuzi hawahitaji Kiingereza. Kesho yake nilikwenda malishoni.

Huyo mwalimu wa chaki ndiye wa kwanza. Alishakufa, nami sikwenda kumzika.

Kusoma nilijifunza mwenyewe baadaye, kwa Biblia ya Kikamba, nikifuata na kidole kile mchungaji anasoma. Kutoka hapo nikasoma Kiswahili. Nikaolewa upande huu wa Makueni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Matiliku. Mimba yangu ya tatu ilipofika miezi saba, miguu ilivimba na kichwa kikawa kinanigonga. Nikaenda kliniki. Muuguzi alinipima mkono, akamwambia mwenzake kitu kwa Kiingereza juu ya kichwa changu kama vile mimi ni meza, akaandika kwenye kadi. Akanirudishia. "Fuata vile imeandikwa hapo, mama," akasema, akaita mwingine.

Nilikuwa na haya ya kumwambia sijui Kiingereza. Hiyo haya nilipewa kule mlangoni, pamoja na maji. Nikasema ndiyo, nikaenda nyumbani, nikaweka kadi kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Siku ya tatu nilianguka nikipepeta ndengu. Nilizinduka kwenye hospitali kubwa nikiwa mtu mmoja. Mama aliyekuwa akipiga deki wodini ndiye alinisomea kadi kwa Kikamba. Ilisema niende hospitali kubwa siku ile ile, nisirudi nyumbani. Alinisomea mara mbili kwa sababu nilimwomba, kisha akaendelea kupiga deki, na sijui angefanya nini kingine.

Yule muuguzi ni wa pili. Kinywa alikuwa nacho, na Kikamba kilikuwa ndani yake, kwa maana nilimsikia akinunua ndizi kwa Kikamba pale getini.

Ni kwa sababu hiyo, wakati walitafuta wahudumu wa afya wa kijiji, watu wa kupita nyumba kwa nyumba, nilisimama kwenye mkutano kabla hawajamaliza kueleza. Nilipewa mkoba na vilima viwili. Nimepanda hivyo vilima miaka kumi na moja. Nilijua mtoto gani amekosa chanjo na mama gani anaficha mimba. Nilikuwa nikifika boma, kitu cha kwanza naomba kadi, na kile nisichoelewa kwenye kadi nilikiandika kwenye karatasi nikakipeleka kliniki, nikasimama pale mpaka mtu anieleze kwa lugha ya watu. Walinichoka. Mmoja alikuwa akiniona getini anasema, "Yule mama wa makaratasi amekuja." Nilifurahia hilo jina. Katika vilima vyangu hakuna mwanamke aliyeweka kadi sandukuni bila kujua inasema nini.

Halafu zikaja simu. Kila kitu kiandikwe kwa simu, na simu inauliza kwa Kiingereza. Afisa wa afya akatukusanya, sisi wazee wa hiyo kazi, akasema asiye na cheti cha fomu foo alete cheti cha ngumbaru chenye Kiingereza, kuandika na kuzungumza. Tulipewa mwaka mmoja. Asiyeleta atapumzika, na mkoba upewe kijana. Hivyo ndivyo alisema, atapumzika, kama mtu anayetuhurumia.

Nilikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Darasa letu lilikuwa kwenye kanisa, Jumanne na Alhamisi mchana. Na ninataka niseme ukweli hapa, maana hasira ikizidi inafanya mtu aseme uongo. Nililipenda hilo darasa. Nilikuwa nikiacha jembe saa saba, naosha miguu, navaa ile nguo ya kwenda kanisani. Mwezi wa tatu niliweza kusoma maswali yote ya simu. Mwezi wa tano nikaandika barua nzima kwa Kiingereza, mistari tisa, kwamba kisima kimekauka na watoto wanaharisha, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa akasema hii ni kazi nzuri. Sikulala usiku huo, nilijipindua tu nikicheka peke yangu kama mtu aliyeposwa.

Kuzungumza ndiko kulikuwa kugumu. Mwalimu alitaka tumtazame machoni. "Kiingereza kinaongewa na uso," alikuwa akisema, "si na utosi." Sisi kina mama tumelelewa kuongea tukiangalia kitu kingine, mkono, mtoto, moto. Nikijaribu kumtazama maneno yalikimbia. Nikiangalia dirisha yalikuja. Lakini nilijilazimisha, na pole pole nikaweza kuongea na yeye, na vijana, na jirani yangu wa benchi.

Huyo jirani alikuwa mama wa duka la vitambaa pale sokoni, mama wa Kisomali ambaye watu wake walitoka kule juu kaskazini. Alitaka Kiingereza cha kusoma barua za mwanawe aliyekuwa chuo. Alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza mwalimu alipita akitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja, kutufundisha vile wazungu wanasalimiana. Alipofika kwake, yule mama akaweka mkono kifuani.

"Sishiki mkono wa mwanamume, mwalimu. Dini yangu."

"Hakuna shida, mama, hakuna shida," mwalimu akasema, akapita haraka, na tangu siku hiyo hakuwahi kumpanga na mwanamume hata mara moja. Kumbukeni hilo.

Mkwe wangu aliingia darasani mwezi wa tatu. Alikuwa anatafuta kazi ya ulinzi ng'ambo, na mawakala walitaka mtu anayezungumza. Siku aliyoingia nilikuwa dirishani. Aliponiona akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia, akakaa benchi ya mwisho kabisa karibu na mlango. Nami nikageuza daftari.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu, mimi na mume wa binti yangu tuna nthoni kati yetu. Wengine wanaiita aibu lakini si aibu, ni heshima yenye ua. Hatushikani mikono. Hatuitani majina. Tukikutana njiani mmoja anasogea kando, na si kwa chuki. Mtu huyu anaijua nyumba ya binti yangu kwa ndani, na mimi ndiye nimemzaa binti huyo. Lazima kuwe na kitu kati yetu, la sivyo kila ugomvi wao utakuwa wangu na kila neno langu litaingia kwao. Miaka tisa wameoana. Wamekosana, tena sana. Hajawahi kunipazia sauti na mimi sijawahi kumtukana, kwa kuwa hatuna pahali pa kusimamia tukitukanana. Nyumba ile imesimama kwa hiyo. Nimeona nyumba za wale wanaosema wameacha mambo hayo, mama mkwe na mkwe wanapeana mikono, wanakula sahani moja, na siku ya kukosana wanaitana majina ambayo hata chifu anaona haya kuyarudia.

Darasa zima lilijua, na lilijipanga bila mtu kuambiwa. Akiitwa kusoma, mimi natazama nje. Nikiitwa mimi, yeye anainama kufunga kamba ya kiatu, na kuna siku alifunga kiatu hicho mara nne. Wenzetu walikaa katikati yetu kama ukuta. Na tulisaidiana, hata hivyo. Binti yangu alikuwa anakuja na ujumbe: "Mwaitu, baba ya watoto amesema lile neno la juzi linasomwa hivi." Mwaitu ni mama, kwa lugha yetu. Nami nikamtumia mkwe, kwa mkono wa mama wa duka, karatasi ya maswali ya hospitali, kwa sababu mlinzi akiugua ng'ambo lazima ajue kusema panapouma. Mama wa duka aliibeba akicheka.

"Nyinyi Wakamba," akaniambia, "mnapendana kwa posta."

Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba nthoni ilituzuia kusoma. Tulisoma pamoja miezi mitano, na tulisoma vizuri.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa kuzungumza, mwalimu alibandika orodha ya vile tutapangwa wawili wawili. Niliisoma, nikaisoma tena. Nikamngoja mpaka kila mtu ametoka.

"Mwalimu, hapa kuna makosa. Umeniweka na mkwe."

"Nimewaweka kwa herufi za majina, mama."

"Basi nipange na mwingine. Hata kijana. Hata mkaguzi mwenyewe."

Akafunga begi lake. "Mama, Kiingereza hakina mkwe. Hapa ni darasa, na tena ni kanisa. Mambo ya giza tunayaacha pale mlangoni."

"Giza gani? Mimi nimebatizwa kabla wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana unanishangaza." Akatabasamu. "Wazungu wanakaa na wakwe zao mezani wanakunywa chai. Ukitaka Kiingereza chao, chukua na chai yao."

"Mbona mama wa duka hukumlazimisha kushika mkono?"

"Hiyo ni dini."

"Na hii yangu ni nini?"

"Hiyo ni mila," akasema, akaenda.

Huyo mwalimu ni mtoto wa Nunguni, Mkamba kwa baba na kwa mama. Hakusoma nthoni kwenye kitabu. Mimi nilikuwa kwenye harusi yake, nilipika. Nilimwona kwa macho yangu amesimama kando ya ua wa kwao msichana, amevaa suti, anakataa kuingia ndani wakati mama ya msichana yuko ndani, mpaka yule mama akatolewa kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwambia hayo ni giza. Tulimsifu, tukasema kijana ana adabu.

Nikaenda kwa mzee wa kanisa, kwa kuwa kanisa ni lake na funguo ni zake. Nilimkuta kwenye zizi lake. Alinisikiliza vizuri, akipapasa ng'ombe shingoni.

"Mama, sisi tumeokoka," akasema mwishoni. "Mambo ya nthoni tuliyaacha."

"Mzee, juzi mkwe wako alikuja kukutembelea, mke wako alikula wapi?"

Aliendelea na ng'ombe.

"Alikula jikoni," nikamwambia. "Watu wameona."

"Hayo ni ya nyumbani. Mtihani ni wa serikali. Nikimwingilia mwalimu watasema kanisa linatetea mila. Vumilia siku moja tu. Ni dakika tano."

Huyo ni mwingine, na ananisalimia kila Jumapili kama hakuna kitu.

Nilimwambia mama wa duka. Alikasirika kuliko mimi. "Mimi nikisema sishiki mkono ananipisha kama gari la gavana. Wewe ukisema anataka kukuombea mapepo. Sikia, siku hiyo sema tu umesilimu." Tulicheka mpaka wateja wake wakageuka. Kisha akasema bila kucheka, "Lakini usikae kile kiti, dada. Ukikaa, watakuandika."

Alikuwa na haki. Nilipaswa kutomsikiliza mtu mwingine isipokuwa yeye. Lakini nilifikiri mwalimu akiona tumesimama pale, sisi wawili, mbele ya watu, damu yake itamkumbusha. Nilifikiri atasema, haya, badilisheni. Nilikaa kile kiti kwa sababu nilimdhania ni mtu.

Binti yangu alikuja kwangu baada ya mtihani, amefunga kitambaa kichwani kwa haraka.

"Mwaitu, baba ya watoto hajala tangu jana. Anasema amekuaibisha."

"Mwambie hajaniaibisha. Alitoka ili mimi nisitoke."

"Lakini mwaitu," akasema, na akaanza kulia, "si ungesema tu. Ni jina. Ni jina tu."

"Kama ni jina tu, kwa nini yeye alitoka?"

Nikamwekea uji, akanywa, akaniambia kile alichokuja kuniambia hasa. Mwalimu alikuwa amempigia simu mume wake. Yeye aliandikwa hakuwepo, na asiyekuwepo anaruhusiwa kurudia. Angerudia wiki ijayo na kijana mmoja. Nami? Mimi nilikuwepo. Nilikalia kiti, nikapewa sifuri, na sifuri ni alama. Aliye na alama anangoja mwaka ujao.

Mkwe wangu alirudia akapita. Niliposikia nilifurahi kwa kweli, sitaki mtu adhani vingine. Alituma binti yangu na cheti chenyewe nikione, nikakisoma chote, hadi sahihi. Kisha nikaenda ofisi ya afya na daftari zangu tatu. Nikamwonyesha yule afisa barua yangu ya kisima. Nikajaza fomu ya simu mbele yake, maswali yote, bila kuuliza. Nikamweleza kwa Kiingereza, nikimtazama machoni, kilichotokea siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, unaongea vizuri," akasema. "Lakini mimi naangalia cheti."

"Si umenisikia sasa hivi?"

"Nimesikia. Lakini masikio yangu siwezi kuyaweka kwenye faili."

Mkoba ulichukuliwa mwaka ule tuliopewa ulipoisha. Ulipewa msichana aliyemaliza fomu foo, mtoto mzuri, mwenye Kiingereza kingi, na vilima anaviogopa. Simlaumu sana. Hakuomba kupangwa na nyoka na mawe. Anafika pale barabara inaishia, anauliza wanaoteremka kama wa huko juu wako sawa, wanasema wako sawa, anaandika kwa simu kwamba amewatembelea. Simu haijui kupanda mlima, kwa hivyo inakubali.

Huko juu, boma la mwisho, kuna mzee anayetumia dawa za kifua kikuu. Dawa hizo ni za miezi sita na zinachosha, zinafanya mate yawe machungu, na mtu akijisikia nafuu anaziacha. Mimi nilikuwa nikipanda nakaa naye mpaka ameze, tukizozana. Ananiambia, "Wewe mwanamke, hata marehemu mke wangu hakunilinda hivi." Namwambia, "Ndio maana alichoka. Meza." Alikuwa amebakisha miezi miwili walipochukua mkoba. Nilimwambia huyo msichana, nilimwandikia hata karatasi. Ndani ya simu, mzee yule alitembelewa kila wiki.

Nilipanda mwenyewe mwezi jana, bila mkoba na bila ruhusa. Nilikuta vidonge vyake kwenye kikombe juu ya dirisha, vyote. Anakohoa tena na makohozi yana damu. Na analala nyumba moja na wajukuu wawili, yule mdogo bado hajaota meno. Nilimteremsha mpaka kliniki kwa pikipiki, mimi nikiwa nyuma nimemshika. Pale wakaniuliza mimi ni nani kwake, na kwa mamlaka gani. Niliwajibu kwa Kiingereza na wakaandika nilichosema. Wamemuanzisha upya, dawa kali kuliko zile, za muda mrefu zaidi. Watoto wanapimwa. Majibu ya yule mdogo bado hayajatoka.

Huwa napanda kila asubuhi sasa. Afisa amenitumia neno kwamba ninaingilia kazi ya mtu. Aje anitoe huko juu mwenyewe, atanikuta.

Lakini kuna wa kujibu, na sitakubali ajifiche nyuma ya herufi za majina. Mkaguzi alikuwa mgeni, alipewa karatasi akaandika alichoambiwa. Afisa ana faili yake, nami nitaendelea kugonga mlango wake. Mzee wa kanisa atajibu kwa yule anayemuimbia. Wewe mwalimu ulijua. Mwezi ujao chifu ana mkutano, na nimeshaomba nafasi ya kuongea, nimeandikwa. Njoo. Useme mbele ya watu kwamba ulijua yule ni mkwe wangu, kwamba nilikuomba wiki mbili kabla, na kwamba ulimwambia mkaguzi siwezi kusema jina langu huku ukijua ni kwa nini sikulisema. Kisha mgeukie yule mzee wa boma la mwisho, akiwa na nguvu ya kuja, na umweleze yeye, wala si mimi, kwa nini hakuna mtu aliyepanda kwake miezi miwili.